Kifusi cha majengo kwa barabara ya udongo

Ndugu, umeuliza kama kifusi cha nyumba zilizobomolewa kinafaa kuimarisha barabara ya kijijini isiyo na lami. Kinafaa, mradi kwanza uondoe mbao, nondo, jasi na hasa vigae vya asbesto, ambavyo vumbi lake husababisha saratani na hivyo havipaswi kusagwa kamwe. Zege ni imara kuliko matofali, lakini saruji ya zamani iliyoganda kwenye kokoto zake hufyonza maji mengi, kwa hiyo limwagilie vya kutosha kabla ya kulishindilia kwa tabaka zisizozidi milimita 150. Tabaka la juu lichanganye na udongo kiasi wa mfinyanzi, la sivyo magurudumu yatatawanya kokoto. Nakusihi pia usipuuze mitaro, wala mwinamo wa asilimia 4 hadi 6 kutoka katikati ya barabara.