Mtiki umeachana kwenye kiungo: gundi au mbao?

SWALI: Shikamoo fundi. Niliunganisha mbao tatu za mtiki, ubavu kwa ubavu, kwa gundi nyeupe ili nipate uso wa meza. Nilizibana kwa klampu usiku kucha, lakini sasa zimeachana. Ubavu mmoja umebaki na utando mgumu wa gundi, wa pili mkavu kabisa. Nibadilishe gundi au nipige misumari?

JIBU: Marahaba. Misumari weka kando. Huo utando uliobaki upande mmoja umeshasema kila kitu. Kiungo kilichoshika vizuri ukikivunja kwa nguvu, mbao ndizo huchanika, na utaona nyuzi zimeng'oka pande zote mbili. Chako kimeachuka kama ganda la yai. Gundi ilikaa juu tu, haikuingia kwenye nyuzi.

Mtiki una mafuta yake ya asili, na ukisharanda, mafuta hayo hupanda tena juu kidogo kidogo. Ukiranda leo ukagundisha wiki ijayo, unapaka gundi juu ya mafuta. Randa na ugundishe siku hiyo hiyo. Kabla ya kupaka, futa ubavu kwa kitambaa cheupe chenye asetoni (kimiminika cha kuyeyusha mafuta), ubadilishe kitambaa hadi kisitoke na rangi, kisha uache ukauke dakika chache. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto.

Gundi ya zamani iondoe yote kwa randa, maana gundi nyeupe haishiki juu ya iliyokwisha kukauka. Na randa iwe kali! Randa butu hulaza nyuzi na kung'arisha uso. Dondosha tone la maji: likitandaa na kunywewa, uso uko tayari, likisimama, bado.

Halafu simamisha ubao mmoja juu ya mwenzake bila gundi, utazame ukielekea dirishani. Mwanga ukipenya, randa tena. Usitegemee klampu kuvuta pengo, kwani kiungo hicho kitabaki kinavutana maisha yake yote.

Paka utando mwembamba pande zote mbili na ubane upesi. Kwenye joto, dakika 5 ni nyingi. Klampu zipishane juu na chini, kila sentimita 25 hivi, uso usijikunje. Kaza mpaka vitone vidogo vya gundi vijipange mstari mzima. Pasipotoka kitu, ujue gundi ilikuwa haba au hujakaza. Acha saa 24 kabla ya kuranda uso.

Meza ikiwa ya kulowa mvua, tumia epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa), na hiyo usiikaze sana, isije ikatoka yote.

Uso huo usiugundishe kwenye fremu ya miguu. Mbao hutanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Funga kwa skrubu kupitia matundu marefu kwenye fremu, ili uso upate nafasi ya kusogea.