Waskoti wa meli Hector hawakukuta shamba tayari

Ndugu yangu, umeuliza kama Waskoti wa mwanzo kule Kanada walipewa ardhi ya bure wakaanza kula mavuno. Bure ya maneno tu! Chukua wale wa meli Hector, iliyowavusha bahari kutoka Uskoti mwaka 1773. Walikuwa karibu 190, wengi wao watu wa nyanda za juu za Uskoti wanaozungumza Kigaeli, lugha yao ya asili, waliochoshwa na kodi za mashamba zilizopandishwa na makabaila. Wakala aliwaahidi ardhi na chakula cha mwaka mzima. Njiani ndui na kuhara damu viliua 18, karibu wote watoto, na dhoruba karibu na kisiwa cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada, ikawarudisha nyuma kwa siku kadhaa.

Walitia nanga Pictou, katika Nova Scotia ya pwani ya mashariki ya Kanada, tarehe 15 Septemba. Hebu fikiria: msimu wa kupanda umekwisha, theluji iko mlangoni, na hilo "shamba" ni msitu wa miti minene hadi ufukweni. Watu hao kwao walizoea vilima vitupu. Wengi hawakujua hata kuangusha mti mkubwa. Chakula kilichoahidiwa nacho kikawa vuta nikuvute.

Wengi walitawanyika kwenda Truro na Halifax, miji mingine ya Nova Scotia, kufanya vibarua ili wasife njaa. Waliobaki walifundishwa na Wamikmaki, wenyeji wa pale, kuwinda na kutembea juu ya theluji. Na ardhi yenyewe iliyogawiwa ilikuwa ya hao hao Wamikmaki, jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka haraka mno.