Nywila ya kazini haiazimwi: kwa watumishi wapya wa ofisi za udahili na mitihani

Ndugu watumishi wapya, katika miaka niliyohudumu kwenye kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu, taarifa nyingi nilizoona zikivuja zilipitia mlango uliofunguliwa na mtumishi mwenye nia njema kabisa.

Msimu mmoja wa kuingiza matokeo, mhadhiri aliyekuwa safarini alimtajia msaidizi wake nywila kwa simu ili amalizie alama za darasa kubwa, na msaidizi akaiandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni mwa kioo cha kompyuta. Baada ya wiki mbili, mwanafunzi aliyefeli alionekana amefaulu. Kumbukumbu za mfumo zilikuwa na jina moja tu, la mhadhiri, ambaye ilimbidi aanze kujitetea kwa jambo ambalo hakulifanya. Kwa hiyo mkuu wako akikuomba nywila, na ipo siku ataiomba kwa upole mno, mweleze kwamba kitengo cha TEHAMA kinaweza kumpa ruhusa inayosomeka kwa jina lake mwenyewe. Najua ilivyo vigumu kumkatalia mkubwa, hasa katika mwezi wa kwanza wa ajira, lakini heri lawama kuliko fedheha.

Barua pepe za kughushi huja kwa msimu: wakati wa usajili, na wakati ambapo wanafunzi wanasubiri fedha za mkopo, ambazo wenyewe huziita bumu. Usihukumu kwa nembo, kwa maana nembo hunakiliwa na yeyote. Soma anwani ya kiungo hadi kwenye mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata jina la tovuti, kisha uangalie kilichotangulia mkwaju huo. Ikiwa hapo hapaishii kwa jina la chuo likifuatwa na ac.tz, tovuti hiyo si yetu, hata kama jina la chuo limetajwa mwanzoni mwa anwani.

Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi kiliingiliwa kwa barua pepe ya namna hiyo mwezi Oktoba 2019. Wahalifu walikaa ndani kimya hadi Desemba 23, wakafunga seva kwa programu ya kudai fidia, na chuo kikalipa bitcoin 30, karibu yuro 200,000 kwa wakati huo. Sehemu ya nakala rudufu ilikuwa imeunganishwa na mtandao uleule, nayo ikafungwa pia. Tangu nisome habari hiyo, nakala ya matokeo hukaa kwenye diski iliyochomolewa, na kila muhula tunajaribu kuirejesha, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hatuwezi kuihesabu.

Kuhusu flashi zinazotoka kwenye maduka ya kuchapisha, zikaguliwe kwa programu ya kukinga virusi kabla ya kufunguliwa; sina la kuongeza.

Lipo jambo ambalo wengi hawalioni kuwa ni uvujaji, nalo ni kutuma jedwali zima la wanafunzi, lenye majina, namba za simu, akaunti za benki na alama, kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa sababu mwanafunzi mmoja ameuliza alama yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa mujibu wake taarifa zitumike kwa lengo lililozikusanya. Aliyeuliza ajibiwe peke yake, tena apewe alama yake tu.

Ukibofya kiungo kibaya, tenganisha kompyuta na mtandao, uiache ikiwaka, utupigie simu papo hapo hata kama ni usiku. Mtumishi mmoja wa udahili alitupigia dakika kumi baada ya kujaza nywila kwenye ukurasa wa uongo. Tuliibadilisha kabla haijatumika, na hakuna aliyemuuliza kwa nini alibofya.