Choo cha chini kinagugumia

SUALI: Assalaam aleikum fundi. Nyumba yetu ipo Chake, Pemba, kwenye mteremko, juu ndo usawa wa barabara na chini kuna chumba kimechimbiwa ndani ya kilima, zamani tukiweka magunia ya karafuu. Mama ngazi haziwezi tena nikaamua nimtilie choo na pa kukogea huko huko. Mapaipu yashalazwa, bado taili tu, lakini kila wakivuta maji choo cha juu, chini pa kukogea panalia glu glu glu halafu harufu hiyo! Fundi anasema karo, lile shimo la maji machafu, lina bomba la hewa, linatosha. Kweli?

JIBU: Waaleikum salaam dadaangu. Hiyo glu glu ishakujibu kabla yangu. Chini ya tundu la kukogea pana trapu, ile paipu iliyopinda, na kwenye mpindo hubaki maji kama inchi 2 hivi, ndo mlango wenyewe wa kuzuia harufu. Sasa choo cha juu kikivutwa maji yanashuka kwa kishindo na nyuma yake yanavuta hewa, hewa isipopata njia inapenya kwenye trapu yako ya chini na maji ya trapu yanafyonzwa yote, basi tena, karo na chumba cha mama vishakuwa kitu kimoja. Bomba la karo linatoa gesi za karo, liko mbali huko. Fundi wako si peke yake, wengi wanadhani bomba la hewa ni la kutoa harufu tu, kumbe la chooni kazi yake kubwa kuingiza hewa.

Atie paipu ya hewa ya inchi 2 karibu na trapu, isizidi mita moja na nusu, ipande wima. Ikibidi ilale kukwepa dirisha, kwanza ipite ukingo wa beseni la kunawia kwa sentimita 15, na ielemee kurudi chini, si hivyo maji yatatuama ndani. Itokee juu ya paa, au iungwe na bomba la hewa la choo cha juu lakini juu ya vyombo vyote vya maji vya ghorofa ile, choo, beseni na kadhalika. Wasiiunge kwenye bomba linaloshusha maji, nilishaona nyumba moja paipu ya hewa inameza kinyesi, astaghfirullah. Mdomoni tia wavu, mbu wa matende wanazaliana ndani ya makaro, ndo mana Makunduchi kule Unguja miaka ya 1980 walimwaga chembe za plastiki juu ya maji ya makaro, mbu wasizaliane.

Halafu angalia, karo lipo chini kuliko usawa wa sakafu ya mama? Kama lipo juu hewa haitosaidia kitu, hapo ni pampu.

Ikishafungwa jaza trapu maji, mtu avute choo cha juu mara tatu nne na wewe umulike tochi kwenye tundu. Maji yakitingishika kidogo si neno, yakishuka fundi arudi, na taili zisipigwe mpaka hapo.