Kioo Kifichwe: Usiku Wangu wa Kwanza Bila Mtoto wa Jicho

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Wiki ijayo anatolewa mtoto wa jicho, na usingizi umemkimbia. Swali lake ni moja tu: je, nitakiona kisu?

Hukioni, ndugu yangu. Unaona taa za hadubini, kisha zinayeyuka kuwa rangi, kama unatazama juu ukiwa chini ya maji. Mimi hofu yangu ilikuwa kupepesa jicho kwa wakati mbaya. Bure kabisa! Kope huzuiliwa na kijichuma, hata ukitaka kufumba hufumbi. Niliwekewa matone ya kutanua mboni, yakafuata ya ganzi, na baadaye nikasikia mashine ikilia: inaivunjavunja lenzi ya jicho yenye ukungu, ndiyo huyo mtoto wa jicho, kwa mitetemo na kuifyonza. Nilihisi maji na kugandamizwa kidogo. Maumivu sikuyaona. Lenzi mpya, ya bandia, huingia ikiwa imekunjwa, kupitia tundu la milimita mbili tatu, ikajikunjua yenyewe humo ndani. Nusu saa haikuisha nikawa nimeketi nje.

Linaloniuma hadi leo ni jingine. Miaka miwili nilisoma herufi kwa kubahatisha kwa sababu mtu aliyepaswa kujua aliniambia nisubiri mtoto wa jicho akomae. Hiyo ni hesabu ya zamani, lenzi ilipokuwa ikitolewa nzima. Siku hizi kukomaa mno ni hasara, maana lenzi inakuwa ngumu na kazi ya kuivunja inaongezeka. Ukiambiwa usubiri, uliza: nasubiri nini?

Sasa usiku ule. Ganzi ilipoisha, jicho likawa kama limeingia mchanga, machozi yanatiririka. Mkono ukaenda wenyewe kulifikicha, ukagonga kikinga cha plastiki. Hapo ningeshukuru nikalala. Lakini mimi, mjuaji, nikakibandua na kwenda kwenye kioo. Niliona ukungu mtupu, na katikati yake mboni pana kama kifungo cha koti. Nikajua wameniharibu. Nililia, jambo ambalo halikulisaidia jicho hata kidogo.

Nilipompigia muuguzi hakunibembeleza. “Nani amekuambia utoe kikinga? Mboni bado imetanuka kwa dawa. Rudisha, ulale.”

Kwa hiyo usiguse jicho. Nawa mikono kabla ya matone, na kama ni dawa mbili, subiri dakika tano kati yake. Usilifikiche. Maji na sabuni visiingie. Usiendeshe gari siku hiyo, tafuta wa kukurudisha nyumbani. Na nimeshasema usiliguse? Mchanga ule ni wa kawaida na hupungua. Maumivu makali yanayozidi, wekundu unaoongezeka au uoni unaofifia si vya kawaida: rudi siku hiyo hiyo, usione haya, wala usingoje miadi. Watu wazima tunapenda ujasiri wa kijinga.

Asubuhi daktari alikitoa kikinga. Kitu cha kwanza nilichokiona ni shati langu mwenyewe, lile ambalo kwa miaka nililivaa nikijua ni la kijivu. Lilikuwa la buluu. Nilimwambia daktari, akacheka, akasema anayasikia hayo kila wiki: lenzi inapozeeka huwa na umanjano, na buluu ndiyo inayopotea.

Msomaji wangu, nenda. Ila kabla hujatoka nyumbani, mwambie mtu akufichie kioo.