Hiyo hela ya parishi kwenye bili yako sio sadaka: mwaka wa kaunsili ya kijiji England nilivyouona mimi

Dada uliyeuliza jana, hongera kwa kuhamia kijijini. Umesema bili ya kaunsili taksi (kodi ya makazi inayolipwa serikali za mitaa) imekuja, umeona hela ya kaunti, ya wilaya, ya polisi, halafu chini kuna kamstari ka parishi ukadhani ni mchango wa kanisa, na ukauliza hao watu wanafanya nini mwaka mzima na kama kuna faida yoyote kwenda kwenye vikao vyao. Nakujibu kwa urefu maana hili jambo liko moyoni kwangu, mimi ni diwani wa parishi kijijini Norfolk tangu mwishoni mwa 2019 na hata mimi nilianza na swali hilohilo.

Kwanza sio kanisa. Jina limebaki la zamani tu, ila sheria ya 1894 ilitenganisha mambo ya kanisa na mambo ya serikali ya kijiji, kwa hiyo hii ni serikali kabisa, ile ngazi ya chini kuliko zote. Ukitaka picha ya nyumbani kwetu Tanzania fikiria halmashauri ya kijiji, kuna mwenyekiti, kuna wajumbe (hapa lazima wasipungue watano kisheria), na kuna karani ambaye ndo kama mtendaji wa kijiji kule, tofauti ni kwamba karani anaajiriwa na kaunsili yenyewe. Sisi madiwani hatulipwi mshahara. Karani analipwa, wa kwetu ana masaa machache kwa wiki, na nakwambia ukweli bila yule mama hakuna kitu kingefanyika pale.

Sasa ngoja nikuhadithie nilivyoingia, ndo utaelewa mwaka wao unavyokwenda.

Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, shifti inaanza saa moja asubuhi, basi linapita kijijini saa kumi na mbili na robo. Desemba hapa jua linatoka karibu saa mbili. Kituo chetu kina kibanda cha mbao kizuri ila hakina taa, giza totoro, na dereva alinipita mara mbili kwa sababu hakuniona, nikachelewa kazini. Basi Februari 2018 nikaenda kikaoni, ukumbi wa kijiji, saa moja usiku. Vikao viko wazi kwa kila mtu, hiyo ni sheria ya tangu 1960, na kwetu wanatenga robo saa mwanzoni ya wananchi kuongea. Nikasimama nikaeleza. Mwenyekiti akasema asante, akaendelea na ajenda. Mi nikakaa mpaka mwisho nikisubiri "mengineyo" kama tulivyozoea nyumbani, pale ndo mambo ya watu yanapopitishwa. Ilipofika, diwani mmoja akasema lile la taa ni wazo zuri, karani akamkatiza kwa upole akasema haliko kwenye ajenda kwa hiyo hatuwezi kuliamua. Kikao kikafungwa. Nilitoka nimeumia, nikaona wamenidharau.

Kumbe hapana. Karani alinifuata nje kwenye maegesho akanieleza, na maneno yake ndo yamenifundisha kila kitu. Kaunsili haiwezi kuamua jambo lolote ambalo halikuandikwa kwenye ajenda, na ajenda lazima ibandikwe siku tatu kamili kabla, na wanavyohesabu hawahesabu siku ya kubandika, hawahesabu siku ya kikao wala Jumapili. Kikao kikiwa Jumanne usiku, karatasi iwe ubaoni Alhamisi. Sababu ni nzuri ukifikiria, mtu asije akaamka akakuta wameuza kiwanja cha kuchezea watoto kwenye "mengineyo". Akaniambia pia bajeti ya mwaka ule imeshapita mwezi uliopita, hivyo hata wangekubali pesa hakuna. Niandikie barua Septemba, akasema, Oktoba ndo tunaanza kuzungumza bajeti.

Kwa hiyo dada, ukiwa na ombi la kutumia hela, la muhimu kuliko kuongea vizuri ni kujua linaingia mwezi gani.

Barua nikaipeleka Septemba. Oktoba ikaingia kwenye ajenda, Novemba karani akaleta bei za mafundi watatu wa taa za sola, Januari ikapita ndani ya prisepti. Prisepti ndo hiyo hela uliyoiona kwenye bili. Inavyofanya kazi ni hivi, kaunsili inakaa inahesabu mwaka ujao tutahitaji kiasi gani, inatoa yale mapato mengine kama kodi za vishamba tunavyokodisha, kinachobaki inaiandikia wilaya kwamba tukusanyie kiasi hiki, na wilaya inaiweka kwenye bili za watu wa kijiji hicho tu. Tuseme mmeandika pauni 15,000 na kijiji kina hesabu ya nyumba 250 za daraja D (nyumba zinapangwa madaraja kwa thamani, na madaraja mengine yanapimwa kwa hilo), hapo ni pauni 60 kwa nyumba ya daraja hilo kwa mwaka. Ndo maana kikao cha Januari ni kizito, mnajua kabisa kila mtu ukumbini ataziona hizo pauni kwenye bili yake, jirani yako mzee anayeishi kwa pensheni atakuuliza dukani mbona imepanda. Nimewahi kukaa saa nzima tunabishana kuongeza pauni mbili kwa nyumba, na sioni kama ni kupoteza muda, ni hela ya mtu. Mwaka wa fedha ukianza Aprili pesa inaingia, kwetu inakuja mafungu mawili, Aprili na Septemba. Bado tukahitaji ruhusa ya idara ya barabara ya kaunti, hapo miezi ikaenda. Taa iliwaka Septemba 2019, mwaka mmoja tangu ile barua.

Haya, miezi mingine. Mei ndo mwaka mpya wao. Kuna mkutano wa mwaka wa kaunsili na jambo la kwanza kabisa, kabla ya kitu chochote, ni kuchagua mwenyekiti, halafu anasaini tamko la kukubali kazi. Kila miaka minne kuna uchaguzi wa madiwani, ingawa vijijini mara nyingi wanaojitokeza hawazidi viti, kwa hiyo wanapita bila kupigiwa kura. Usichanganye ule mkutano wa mwaka wa kaunsili na mkutano wa mwaka wa parishi, majina yanafanana sana na hata wenyeji wanachanganya. Huu wa pili sio wa kaunsili, ni wa wapiga kura wote wa kijiji, lazima ufanyike kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni na usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni, nadhani ili watu wawe wametoka makazini. Kama umejiandikisha kupiga kura pale wewe una haki ya kuongea na kupiga kura humo, sio mgeni wa robo saa. Kwetu wanakuja watu wachache mno na inaniuma, maana nyumbani kwenye mkutano mkuu wa kijiji kivuli chote cha mwembe kinajaa watu.

Kipindi hichohicho kuna hesabu. Vitabu vinafungwa 31 Machi, mkaguzi wa ndani anapitia, kaunsili inapitisha fomu ya mwaka kabla ya Juni kuisha. Kaunsili ndogo ambayo mapato na matumizi hayavuki pauni 25,000 inaweza kujitangaza haihitaji mkaguzi wa nje. Lakini, na hapa ndo napenda sana, kuna siku 30 za kazi ambazo lazima zijumuishe siku kumi za kwanza za kazi za Julai, ambapo mtu yeyote mwenye maslahi, yaani mkazi kama wewe, anaweza kwenda kuomba kuona risiti na mikataba ya mwaka ule. Tangazo linabandikwa ubaoni. Miaka yote niliyokaa amekuja mzee mmoja tu, alikaa na karani asubuhi nzima, akauliza mbona mkataba wa kukata nyasi umepanda, akaoneshwa, akashukuru akaenda. Nimeshakaa kwenye vikundi vya kina mama nyumbani ambako kuuliza risiti ni kutangaza vita, kwa hiyo mimi yule mzee nilimheshimu sana, na karani pia.

Kiangazi ni nyasi. Nyasi, nyasi, nyasi. Na kinyesi cha mbwa, na michongoma ya watu inayoziba njia ya miguu, ambayo nayo huwezi kuamrisha ikatwe hovyo maana ndege wanataga humo kuanzia Machi mpaka Agosti. Bembea za watoto zinakaguliwa kila mwaka na mtaalamu, ripoti inakuja na orodha ya nati na mbao zilizooza. Pia kuna vile vishamba vya kukodi ambavyo watu wanalima viazi na maharage, nimechukua kimoja, sukuma wiki inastawi vizuri kuliko nilivyotegemea. Na ile kabini nyekundu ya simu, kampuni ya simu ilikuwa inaziuza kwa pauni moja kwa vijiji vinavyotaka kuzitunza, yetu tumeweka mashine ya kushtua moyo. Kuikagua ni kazi yangu, kila mwezi naangalia taa ya betri na tarehe ya zile pedi zinazobandikwa kifuani, naandika kwenye daftari.

Maombi ya vibali vya ujenzi hayana msimu, yanakuja mwaka mzima. Na hapa watu wengi wanakosea wakadhani sisi ndo tunakataa au tunakubali. Hapana, anayeamua ni wilaya, sisi tunatoa maoni tu, kawaida ndani ya siku 21. Na maoni lazima yawe na uzito wa kisheria. Jirani akija akasema nyumba yangu itashuka bei, au sitaona tena mashamba dirishani, hayo hayahesabiwi, lakini akisema maji ya mvua yatakwenda wapi na mtaro wenyewe umeziba, au magari yatatokea kwenye kona ambayo haionekani, au dirisha jipya linatazama moja kwa moja chumbani kwake, hayo yanahesabiwa. Nimejifunza kumuuliza mtu taratibu mpaka lile la maana litoke. Na kama ombi linahusu ardhi yako mwenyewe au ya mwenzi wako, unatangaza maslahi, huchangii wala hupigi kura, kuficha ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2011.

Mashimo ya barabara nayo sio yetu, ni ya kaunti. Takataka ni za wilaya. Tunapokea malalamiko yake yote hata hivyo, tunayapeleka panapohusika na kufuatilia, na ukijumlisha hiyo ni kazi kubwa kuliko zote.

Halafu Novemba. Jumapili ya pili ya mwezi tunakusanyika kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita, mwenyekiti anaweka shada la maua mekundu, saa tano kamili kimya cha dakika mbili, halafu majina yanasomwa. Kijiji kidogo hivi lakini majina ya 1914 mpaka 1918 ni mengi na jina moja la ukoo linarudi mara tatu. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, alipelekwa Bama (Burma) vita ya pili ya dunia, akarudi na homa na hadithi chache alizokataa kuzisimulia. Mwaka wa kwanza nilisimama pale sikujua niweke wapi machozi. Mzee mmoja akaniuliza baadaye, nikamweleza, hakuwahi kusikia kwamba watu wa Afrika Mashariki walipigana Bama. Mwaka uliofuata kaunsili wakaniomba niseme maneno mawili kuhusu keya, nikasema, na sasa ni kawaida kila mwaka.

Kuhusu vurugu uliyoisikia, ndiyo, ile video ya madiwani wakigombana kwenye kikao cha Zoom cha Handforth, Cheshire, iliyosambaa Februari 2021 ilikuwa ni kaunsili ya parishi kama hii. Ugomvi upo. Kwetu uliwahi kuwa mkali juu ya miti, watu hawakusalimiana wiki mbili. Ila Zoom ilikuwa ya korona tu, tangu Mei 2021 sheria ikarudi kwamba madiwani wawepo ukumbini.

Sasa swali lako la mwisho, kama mgeni anaweza kuwa diwani. Wewe ni Mkenya na umesema una ukaazi wa kudumu, basi unaweza, raia wa Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda pia. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi mpaka wapate uraia wa Uingereza. Uwe na miaka 18, na uwe mpiga kura wa pale au umeishi miezi 12 ndani ya parishi au karibu yake. Nafasi ikiwa wazi tangazo linakaa ubaoni siku 14 za kazi, wapiga kura kumi wakidai uchaguzi, basi unafanyika, wasipodai kaunsili yenyewe inateua mtu, ndivyo nilivyoingia mimi wiki chache baada ya taa kuwaka.

Kaangalie ubao wenu, mara nyingi uko karibu na ukumbi au kanisa. Tazama tarehe ya kikao na jina la karani, mwandikie kabla hujaenda. Hiyo ya njia ya miguu uliyosema mnapita na kigari cha mtoto kwenye matope, muulize ni njia ya nani, maana kama ni ya kaunti atakwambia mapema, na kama parishi inaweza kuchangia barua yako imfikie Septemba. Akikujibu niandikie hapa tuangalie pamoja.