Je, ni dhambi kumpenda mtu wa kwenye kitabu na mwandishi aliyekufa zamani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, nalima viazi huku Njombe. Tangu sekondari nakipenda kitabu cha Utubora Mkulima, yule Utubora kwangu ni kama kaka kabisa, nikiwa shambani peke yangu namuwaza, na marehemu Shaaban Robert namuona babu yangu, kuna siku nikisoma nasema kwa sauti "babu leo umenisema". Afadhali hao kuliko watu maana na wifi yangu hatuongei tangu msimu wa kupanda. Sasa kiongozi wetu wa maombi kaniambia hiyo ni mizimu, nichome kitabu kama wale wa Matendo 19. Nifanyeje?

JIBU: Ameni dada yangu, kamwene. Nakujibu nikiwa huku Tukuyu, mvua haijakata tangu asubuhi, na swali lako nimelisoma mara tatu. Kitabu usichome. Wale wa Efeso walichoma vitabu vya uganga, mali ya fedha elfu hamsini, haikuwa hadithi ya mtu aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Na Paulo huyohuyo aliyekuwepo Efeso, baadae akiwa kifungoni anaona kabisa siku zake zimeisha, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu. Mtu wa Njombe hilo joho unalielewa, lakini ona na vitabu navyo alivihitaji.

Sasa hili la mizimu. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kwenda kwa wafu kutaka habari, yaani unataka marehemu akufunulie siri, akulinde, akuamulie mambo, umemuweka pale anapotakiwa awe Mungu. Wewe hujamuomba Shaaban Robert mvua. Daudi aliposikia Yonathani kafa alimlilia akimwita ndugu yangu Yonathani, anaongea naye kama yupo mbele yake, iko 2 Samweli 1, na hatusomi popote kwamba alikemewa. Shaaban Robert mwenyewe alifiwa na mke wake Amina akamtungia shairi la kumlilia. Kwahiyo hiyo "babu leo umenisema" mimi naiona ni shukrani, ila iishie hapohapo, usije ukaanza kumuuliza babu umuozeshe binti yako kwa nani. Na kama kuna atakayekusumbua kwamba yule mzee alikuwa Muislamu, mshukuru tu Mungu kwa kipaji alichompa, amefariki 1962 na mpaka leo kuna mama yuko Njombe anamsoma.

Kuhusu kumpenda mtu ambaye hajawahi kuwepo, hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Baba wa mwana mpotevu hana jina wala kijiji, ni mtu wa kwenye mfano, na mimi nimeona wazee wazima wanafuta machozi kanisani ikisomwa Luka 15. Nathani alivyompelekea Daudi ile habari ya maskini na kondoo wake mmoja aliyekuwa anamlaza kifuani, maskini hakuwepo, kondoo hakuwepo, lakini hasira ya Daudi ilikuwa ya kweli na toba ikaingilia mlango huohuo. Na Petro anawaandikia waumini kwamba Yesu mnampenda ijapokuwa hamkumwona! Moyo unaoweza kumpenda ambaye macho hayajamuona ni huohuo mmoja dada, hatuna mwingine. Mimi Mmoravian nampenda sana Zinzendorf, yule kiongozi wa kanisa letu wa zamani, kafa 1760, kile kijitabu chetu cha neno la kila siku kilianza kuchapishwa enzi zake mwaka 1731, nikikifungua asubuhi nasikia kama kuna mtu kaniwekea kiti.

Ila kuna kitu umekiandika katikati kama unapita tu. Wifi.

Augustino, yule askofu wa Hipo, anasimulia kwenye Maungamo yake kwamba alipokuwa kijana shuleni alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil, mshairi ambaye alikuwa ameshakufa karibu miaka 400, na anajilaumu kweli kweli kwamba alimlilia Dido huku hali ya roho yake mwenyewe haikumtoa hata chozi. Mimi naona alijichapa sana kuhusu Dido, yale machozi hayakuwa na ubaya. Lakini lile la pili, kwamba unamlilia mtu wa kwenye kitabu huku yaliyo yako mwenyewe umeyaacha, ni la haki na nakuuliza na wewe. Utubora hakujibu vibaya, hakuombi debe la mbegu, ukichoka unamfunga unamrudisha juu ya kabati, na wifi huwezi kumfunga, yeye yupo na maneno yake na kununa kwake, na Yohana anasema asiyempenda ndugu aliyemuona atampendaje Mungu asiyemuona. Hujasema kosa lilikuwa la nani na mimi sikuulizi.

Kwahiyo endelea kusoma. Kiongozi wako wa maombi mjibu kwa upole, nadhani alikuwa na hofu juu yako, hakutaka kukuonea. Halafu wiki hii jioni moja chukua viazi kidogo uende kwa wifi, usianze na lile jambo, msalimie kwanza, kaeni jikoni. Ukirudi niandikie ilikuwaje, hata kama ameishia kukupokelea mlangoni.